Uzi: Askari jeshi wanaridhika kweli na matibabu ya meno, ama ni "sawa afande" tu?

#1 Mwana_wa_Wiyoni
Salaam wana jukwaa. Nina swali limenikaa siku nyingi. Hapa Amu (Lamu) tangu opareshoni ya jeshi dhidi ya al-Shabaab kwenye msitu wa Boni ianze 2015 askari wa KDF, jeshi letu la Kenya, tumewazoea, tunapanda nao boti Mokowe, wengine ni ndugu zetu wa damu. Ukimuuliza askari habari ya matibabu atakwambia jeshi linatibu bure, iwe mguu iwe kifua iwe uzazi wa mkewe, na anasifu kweli kweli. Ukifika kwenye meno stori inabadilika. Nina binamu yangu yuko sevisi, yeye na wenzake kila wakipata likizo wanashuka Malindi wanaingia kliniki ya kulipia, wanatoa pesa mfukoni kuziba jino ambalo jeshini lingezibwa bila senti. Halafu hao hao wakipewa fomu ya maoni wanaandika wameridhika!! Mtu aliyeridhika analipa tena wapi? Mimi nasema ule uridhikaji wa kwenye fomu si wa kweli. Mwenye maelezo mengine aje.

#2 BintiShela
Cha bure watu hawakiamini, ndio hivyo tu. Hata sisi raia panadol ya hospitali ya serikali tunaona haiponyi kama ya duka la dawa, na ni dawa moja.

#3 Afande_Mstaafu
Nimetumikia mpaka nikastaafu, saa hizi niko Malindi nalima kidogo huku Ganda. Vijana mnachanganya watu wawili. Kuna askari aliye kambi kubwa na kuna askari aliye porini.

Wa kambi kubwa ana kitengo cha meno pale pale, kiti kipo, eksirei ipo, daktari ni afisa mwenye cheo chake, ukihitaji ruti kanali (kusafisha na kujaza mizizi ya jino) unafanyiwa, ukihitaji meno bandia unapimwa unatengenezewa, na mambo mazito kama mtu kavunjika taya anapelekwa hospitali kuu ya jeshi Nairobi. Huyo ukimpa fomu ataandika ameridhika na hadanganyi. Wa porini ana mediki na begi lake. Ndani ya begi kuna vidonge vya maumivu na antibayotiki, basi. Jino likianza kuuma anapewa vidonge, wiki ijayo vidonge, na nyinyi wa Amu mnaijua ile njia ya Kiunga na mabomu ya kutegwa, gari haitoki kwa sababu ya jino la mtu mmoja. Siku usafiri umepatikana jino lishaoza mpaka ndani, kilichobaki ni kung'oa. Jino lile lile, mtu yule yule, angekuwa kambi kubwa lingezibwa kwa nusu saa. Kwa hivyo akienda Malindi ni kwa sababu kile kiti cha jeshi hajakutana nacho, si kwamba kiti ni kibaya.

#4 Kijana_wa_Hindi
Afande unatetea utadhani bado uko parade 😂

#5 Afande_Mstaafu
@Kijana_wa_Hindi mwanangu mimi nasema nilichokiona. Wewe umeona nini?

#6 Kijana_wa_Hindi
Nimeona cheo afande. Samahani lakini wote tunajua. Mwenye nyota begani hapangi foleni, anapiga simu anaambiwa njoo saa nne. Kuruta anakaa benchi tangu asubuhi, akifika mlangoni anaambiwa daktari ameenda mkutano. Hata kama ganzi ni moja na kiti ni kimoja hawa wawili hawawezi kutoka na moyo mmoja.

#7 Dkt_wa_Kinywa
Habari zenu. Mimi kazi yangu ni meno, upande wa raia hapa Malindi, na askari walio likizo napokea wengi. Hoja ya Afande naikubali ila ngoja niongeze kitu ambacho watu hawakijui na kinaharibia madaktari wengi jina.

Jino likishajaa usaha, pale chini panakuwa na asidi. Ganzi tunayotumia, lignokeini, kwenye asidi inashindwa kupenya vizuri kuingia kwenye mshipa wa fahamu. Unapiga sindano, unangoja, unagusa, mtu anaruka. Unaongeza, bado. Sasa angalia askari: amefundishwa kuvumilia, amemeza vidonge wiki mbili porini, anafika kwa daktari siku ambayo uso umevimba hata kofia haikai. Hata daktari awe hodari namna gani hiyo siku itauma. Atatoka akiwaambia wenzake yule wa jeshi anachuna watu hai, na wenzake nao wenye matundu madogo wataogopa kwenda, watangoja mpaka na wao wavimbe. Akija kwangu akiwa likizo jino limetulia, ganzi inashika, anasema wa Malindi ndio daktari. Mkono wangu sio bora kuliko wa yule, nimempata tu siku nzuri.

Na lingine, mnisikilize hapa. Jino lililouma wiki nzima likinyamaza ghafla lenyewe halijapona. Mshipa wa ndani umekufa, usaha unaendelea kazi chini kwa chini. Antibayotiki itapunguza uvimbe lakini tundu haizibi. Naumia sana nikiona kijana wa miaka 25, mwenye afya tele, hana gego hata moja la kutafunia upande mmoja na yote yangeokolewa. Gego la chini likitoka lililo nyuma yake linaanza kulala mbele, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na mpangilio wote wa kinywa unaharibika.

#8 BintiShela
Daktari shukran, hilo la asidi sikulijua kabisa. Ndio maana mimi mwaka juzi nilipiga kelele mpaka walio nje wakakimbia 🙈

#9 Msoma_Historia
Hili suala la porini na jino ni la kale. Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, Waingereza walikuwa na maelfu ya askari waliolazwa kwa ajili ya meno, wale watu walikuwa wanakula biskuti ngumu za jeshi na mtu mwenye gego bovu ile biskuti hawezi kuivunja, akawa hali, akawa hafai kupigana. Wakasahau funzo. Ikafika 1914 Jenerali Haig, mkuu wa jeshi lao Ufaransa, akaumwa jino katikati ya vita vya Aisne, jeshi zima halina daktari wa meno hata mmoja kule, ikabidi aitwe mtu kutoka Paris. Ndio wakaanza kuleta madaktari wa meno, na 1921 wakaunda kikosi chao rasmi. Wamarekani wakaiga baadaye. Yaani mpaka jino la jenerali liume ndio mambo yanaenda, hapo nakubaliana na @Kijana_wa_Hindi kuhusu cheo.

#10 Baharia_Mstaarabu
Msoma Historia umekaribia ila rekebisha mawili. Mwaka 1914 mkuu wa jeshi la Waingereza Ufaransa alikuwa John French, Haig alikuwa anaongoza kikosi kimoja chini yake, ukuu alipewa Desemba 1915. Na Wamarekani hawakuiga, kikosi chao cha meno cha jeshi la nchi kavu ni cha 1911, miaka kumi kabla ya Waingereza.

#11 Msoma_Historia
Na hao Wamarekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, mtu asiye na meno ya mbele walikuwa hawamchukui kwa sababu baruti ilifungwa kwenye karatasi na askari anaipasua kwa meno kabla ya kuitia kwenye bunduki. Jino lilikuwa sehemu ya silaha. Hoja yangu ya cheo iko pale pale.

#12 Mama_wa_Faza
Nyote mnaosema hapa hakuna hata mmoja ameuliza familia. Mume wangu ni askari, mimi na watoto tumetibiwa meno jeshini na mimi nimeridhika, naandika kwa jina langu la jukwaani bila kuogopa mtu. Mwanangu alikuwa na jino la utoto limetoboka, yule daktari alikaa naye akamuonyesha kile kioo, akamwambia sasa nitafanya hivi na sasa hivi, mtoto hakulia. Akanieleza na mimi kwa nini jino la utoto linazibwa hata kama litang'oka lenyewe, kwamba linalinda nafasi ya jino linalokuja. Hakuna aliyewahi kunieleza vile. Shida yangu ni moja: tuliporudi mara ya pili alikuwa ameshahamishwa. Wa pili akaanza upya, faili haikuonekana, akataka kufungua jino ambalo mwenzake alishalimaliza. Hapo ndipo pesa zetu zilipoanza kwenda Malindi, si kwa sababu ya cheo wala asidi. Ni kwa sababu wa Malindi nikirudi namkuta yeye yule, anaujua mdomo wa mwanangu.

#13 Dkt_wa_Kinywa
Dada @Mama_wa_Faza umesema jambo kubwa. Faili likikufuata, hata daktari akibadilika haina shida sana. Bila faili kila daktari ni wa kwanza.

#14 Niko_Kazini
Mimi niko ndani kwa hivyo sitasema kambi wala kikosi na msiniulize. Nimesoma hapa juu porini, cheo, ganzi, faili. Ya kweli yote, lakini sababu kubwa kwangu mimi hakuna aliyeigusa. Daktari wa jeshi si wangu peke yangu, ni wa jeshi. Nikikaa kwenye kile kiti anaandika, na akiandika sifai mpaka nitibiwe, nakosa safari. Kuna kipindi orodha ya kwenda misheni ilikuwa inatoka na mimi nilikuwa na jino limevunjika linanikata ulimi, nilikula upande mmoja nikanyamaza, posho ya misheni ile ndio ilikuwa inajenga nyumba ya mama. Nikaenda kulitengeneza kwa pesa zangu mjini ambako hakuna anayeandika kitu kwenye faili langu la kazi. Fomu ya maoni niliandika nimeridhika. Sikuwa nadanganya kuhusu daktari, daktari yule ni mtu mwema sana, mpole, mkono mwepesi. Nilikuwa nakimbia kalamu yake.

#15 Mwana_wa_Wiyoni
@Niko_Kazini pole na asante kwa kusema. Sasa hii ndio niliyokuwa natafuta. Yaani mtu anaridhika na daktari na bado anamkwepa!

#16 Shemeji_Diaspora
Nataka kuongezea la Niko Kazini. Dadangu ameolewa na askari wa jeshi la Marekani na kule hiyo kalamu iko wazi kabisa, imewekwa madaraja. Daraja la 1 huna tatizo. Daraja la 2 una kazi ya kufanyiwa lakini haielekei kukupa dharura ndani ya miezi 12. Daraja la 3 una tatizo ambalo huenda likalipuka ndani ya huo mwaka. Daraja la 4 hujapimwa kwa muda unaotakiwa ama rekodi yako haieleweki. La 1 na la 2 unaruhusiwa kwenda vitani, la 3 na la 4 kwanza utengenezwe. Kila mwaka unaitwa kupimwa, usipoenda mkubwa wako anaulizwa kwa nini mtu wako hajapimwa. Sasa shemeji anasema wenzake wengi wanalalamika kwa kulazimishwa lakini wakiwa vitani hawaumwi. Mimi naona afadhali mtu anune akiwa nyumbani kuliko avimbe akiwa msituni.

#17 Kijana_wa_Hindi
Marekani wana pesa hio. Huku kwetu ukilazimisha kila mtu apimwe kila mwaka utapata wapi viti?

#18 Afande_Mstaafu
Viti vya kubeba vipo, vinakunjwa kama kiti cha ufukweni, na mashine ndogo ya kuchimbia jino inaendeshwa kwa jenereta. Timu ya daktari na msaidizi ikizunguka kambi moja baada ya nyingine inapima watu wengi. Kinachotakiwa ni ratiba isiyovunjwa. Hapo naomba wakubwa wasikie.

#19 Mjukuu_wa_Pate
Lakini na sisi tuseme ukweli, miraa na soda za kopo zinahusika. Kijana yuko doria usiku, anatafuna majani, anashushia soda tamu mpaka alfajiri, mswaki aliusahau Nairobi. Daktari wa jeshi afanye miujiza gani? Babu zetu hapa walikuwa na mti wa mswaki na maji ya chumvi tu na wamezikwa na meno yao 😄

#20 Baharia_Mstaarabu
Babu zako wa Pate walitafuna tambuu mpaka meno yakawa mekundu, usituletee 😂😂

#21 Mjukuu_wa_Pate
Mekundu lakini yapo!

#22 Dkt_wa_Kinywa
Haya, tambuu ina chokaa na popoo na mara nyingi tumbaku, popoo inajulikana inaleta saratani ya kinywa, kwa hivyo hata kama jino lipo shavu liko hatarini. Mti wa mswaki mimi siupingi hata kidogo, ukitumika vizuri unasafisha, hata Shirika la Afya Duniani limewahi kuuhimiza, na kwa askari ni mzuri kwa sababu unakaa mfukoni na hautaki maji. Ila utafune ncha mpaka iwe laini kama brashi, usugue na nyuma ya magego, watu wengi wanasugua ya mbele tu. Miraa yenyewe sukari haina nyingi, kinachoozesha ni ile soda na peremende za kushushia kutwa kucha.

#23 Mdigo_wa_Malindi
Mtu asizungumze meno na jeshi bila kutaja usajili. Mimi niliambiwa nirudi nyumbani kwa sababu ya magego yaliyong'olewa nikiwa shule. Mbio nilikimbia, kifua kilipimwa, nikafunguliwa mdomo nikaambiwa toka laini. Na yale magego yaling'olewa kwa sababu mama hakuwa na pesa ya kuziba. Kwa hivyo mnaojadili kuridhika mjue kuna sisi tulioshindwa hata kufika kwenye hicho kiti, na bado linaniuma.

#24 Tajiri_wa_Mpeketoni
Pole kaka. Mimi rafiki yangu yeye meno ni ya kahawia, amekulia Naivasha, kila mtu anamwambia piga mswaki utachukuliwa.

#25 Dkt_wa_Kinywa
Hiyo rangi ya kahawia haitoki kwa mswaki. Ni floraidi nyingi ya maji ya kule Bonde la Ufa, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya huko vinazidi. Inaingia jino likiwa bado linaumbika utotoni. Kahawia si kuoza, mengi ya hayo meno ni mazima yanatafuna vizuri.

#26 Baharia_Mstaarabu
Kuna kundi jingine mmelisahau, wapiga mbizi. Sisi watu wa bahari tunalijua hili. Jino likizibwa likabaki na kijitundu cha hewa chini, ukishuka majini presha inapanda na ile hewa inabanwa, unaweza kuhisi jino linapasuka. Marubani nao wanalipata wakipanda juu. Raia akizibwa vibaya namna hiyo huenda asijue maisha yake yote, lakini mtu wa jeshi la wanamaji atajua akishuka mita kumi tu. Kwa hivyo hata kuridhika kunategemea kazi ya mtu.

#27 Aweer_Halisi
Nawasoma kutoka Basuba, huku msitu wa Boni, mtandao unakuja na kwenda. Nyinyi wa mjini mnauliza kama askari ameridhika na daktari wa jeshi. Sisi huku zahanati zilifungwa kwa ajili ya mashambulizi, miaka mingi daktari tuliyemuona ni wa jeshi akija na kambi ya matibabu. Mama yangu jino lilimtesa mpaka usingizi hakuna, likang'olewa na mtu aliyevaa magwanda chini ya mti. Lingeweza kuzibwa? Labda. Hakuuliza, alilala usiku ule. Mimi nataka zahanati yetu yenye mtu wetu anayekaa, si anayekuja na kuondoka, lakini yule aliyekuja namuombea dua mpaka leo. Muwe mnakumbuka na huku mkihesabu walioridhika.

#28 Mama_wa_Faza
Allah amlipe. Na nyinyi awape zahanati yenu.

#29 Binamu_Mwenyewe
Nimetumiwa huu uzi na watu, kumbe nimetajwa juu pale 😅 Kaka @Mwana_wa_Wiyoni ungeniuliza mimi kwanza. Siendi Malindi kwa sababu ya kalamu, wala cheo, wala sijawahi kungoja wiki mbili. Kambini nimezibwa jino na mpaka leo liko imara. Naenda Malindi kwa sababu likizo ni siku zangu. Nikiwa kambini nikitoka kwenye kazi kwenda kwa meno mwenzangu anashika zamu yangu, na mimi sipendi kumbebesha mtu zamu yangu kwa kitundu kidogo. Kwa hivyo fomu niliandika ukweli mtupu.

#30 Kijana_wa_Hindi
Hio nayo si ndio jibu? Kama mtu hapati nafasi ya kutibiwa bila kumuumiza mwenzake, hiyo hesabu ya watu iko chini.

#31 Mwana_wa_Wiyoni
Binamu nimekusikia lakini ona, fomu ilikuuliza daktari alikuwaje, haikukuuliza kama unapata muda wa kumfikia. Hapo ndipo bado nasimama.

#32 Dkt_wa_Kinywa
Mgonjwa hawezi kuona kama tundu limesafishwa mpaka mwisho ama mizizi imejazwa vizuri, anaona alingoja muda gani, alisalimiwa vipi, alielezwa ama hakuelezwa, iliuma ama haikuuma. Akijaza fomu anajaza hayo. Ni muhimu, siyadharau, ila kazi ya jino lenyewe inaonekana miaka mbele.

#33 Afande_Mstaafu
Na fomu ijazwe bila jina na isikusanywe na sajenti wa kikosi chako. Nimeona fomu inakusanywa na mtu anayesoma huku anatembea.

#34 Niko_Kazini
@Afande_Mstaafu 🙏 hapo umemaliza mzee. @Binamu_Mwenyewe wewe una bahati, mimi na wewe hatuko jeshi moja 😂

#35 Tajiri_wa_Mpeketoni
Samahani kuingilia, daktari kama bado uko hapa. Mdogo wangu yuko sevisi, yuko nyumbani likizo, aling'olewa gego la chini siku tatu zilizopita. Siku ya kwanza alikuwa sawa, leo maumivu yamepanda mpaka sikio na mdomo unanuka. Anavuta sigara. Anataka kunywa antibayotiki alizobakiza na kurudi kazini kesho.

#36 Dkt_wa_Kinywa
Maumivu yanayoanza siku ya pili mpaka ya nne hivi baada ya kung'oa mara nyingi ni ile damu iliyoganda kwenye shimo imetoka, mfupa umebaki wazi. Sigara inachangia sana. Antibayotiki za kubakiza hazitamsaidia kwa hilo, aziache. Shimo linataka kuoshwa na kuwekwa dawa ndani, ni kazi ya dakika chache na nafuu huja haraka. Kama ana homa, uvimbe unaoshuka shingoni, ama anashindwa kumeza, aende hospitali usiku huu huu asingoje. Kama hana hayo, kesho asubuhi afike hospitali ya Mpeketoni amuone mtu wa meno kabla ya kupanda gari, na karatasi atakayopewa aende nayo kambini.

#37 Tajiri_wa_Mpeketoni
Homa hana, anameza vizuri. Nimemwambia. Anasema akichelewa kuripoti atawaambia nini.

#38 Afande_Mstaafu
Apige simu sasa hivi kwa mkubwa wake kabla ya muda kufika, aseme niko kwa daktari na karatasi naleta. Mwambie nimesema mimi.